Kadi Iliyolala Kazini

Nilikuwa fundi umeme wa mgodini kwa miaka thelathini na mmoja, mingi yake kwenye shaba ya Kambove, na sijapata kuona mashine inayoharibika bila sababu. Watu ndio huharibika bila sababu. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue shemeji yangu alikuwa akishindana na nani siku aliyokaa kwenye kiti changu na kunishauri niitupe kompyuta ya binti yangu.

Kompyuta hiyo, ya kubeba lakini yenye kioo kipana, binti yetu alituachia alipokwenda kusoma ng'ambo. Sasa mwaka wa nne ulikuwa unaisha na siku ya kutetea tasnifu yake mbele ya walimu ilikuwa imekaribia. Familia iliruhusiwa kufuatilia kwa mtandao. Ilipangwa siku ya posho asubuhi. Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu. Zamani wafanyakazi waligawiwa unga siku hiyo, na unga ulipokoma jina lilibaki.

Mtu atauliza kwa nini hatukutumia simu. Mke wangu ana ukungu machoni, na kwenye simu uso wa mtoto wake ulikuwa doa linaloongea.

“Mi nataka kumuona,” aliniambia. “Sauti yake nilisha kuisikia, myaka ine. Sasa nataka sura.”

Nikamwambia ataiona. Nilisema haraka, kama ninavyosema mambo mengi, na zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kompyuta ile ilikuwa na tabia yake. Ukiiwasha, inashika wifi vizuri, mnasalimiana na mtoto, mnaulizana habari za baridi, halafu baada ya dakika kumi au kumi na tano alama ya mtandao inatoweka. Ukizima na kuwasha upya, inarudi. Dakika kumi, imetoweka tena. Wakati huo huo simu zote za nyumbani zinaendelea kushika kama kawaida.

Shemeji yangu, anayeniita bofrere, aliitazama kwa mbali akatoa hukumu juu ya kadi yake ya mtandao. “Bofrere, karte ya rezo ilisha kufa. Hii ni ya kutupa.”

Nilimuuliza kama ameigusa. Hakuwa ameigusa. Nikamuuliza ni maiti gani hiyo inayofufuka kila ukibonyeza kitufe. Dada yake, yaani mke wangu, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kesho yake niliipeleka mjini kwa fundi wa kompyuta, mtu mpole mwenye miwani. Akaichomeka kwenye umeme, akaiunga na wifi yake, tukaitazama saa nzima. Haikukatika hata mara moja.

“Papa, karte iko muzima,” akasema. “Modemu ya kwenu njo iko mubaya.”

Basi mmoja amesema kadi ya mtandao imekufa, wa pili amesema ni modemu. Nilirudi nayo mtaani kwetu Annexe nimenuna njia nzima. Nikaiwasha sebuleni, na dakika ya kumi na mbili ikakatika.

Hapo niliacha kusikiliza watu. Mkuu wangu wa kwanza karakanani alikuwa mkali, alitufundisha kwa chaki na kwa matusi. Hitilafu inayokuja na kuondoka, alikuwa akisema, ina ratiba yake. Usiirekebishe kwanza, iandike. Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu. Nikachukua chaki, nikachora safu kwenye mlango wa jikoni: saa, chumba, modemu iko wapi, mashine inakula umeme wa wapi. Mke wangu alipita na sufuria, akausoma mlango wake kwa kuusogelea sana.

Kwa siku nne niliandika. Nilihamisha modemu kutoka dirishani hadi juu ya kabati, haikusaidia. Nilishusha ukutani picha yetu ya harusi, ile ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, kwa sababu nilishuku shaba inazuia mawimbi.

“Leo unashusha picha,” mke wangu akasema, “kesho utashusha manjanja ya nyumba?” Manjanja ni bati za paa. Picha haikuwa na kosa, nikairudisha mahali pake.

Siku ya tano nilisimama mbele ya mlango na kikombe cha chai, nikaona. Kompyuta ilikuwa imekatika mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa kwenye safu ya mwisho nilikuwa nimeandika neno moja: betri. Kwa yule fundi ilikuwa kwenye waya wa umeme. Nyumbani haijawahi kufanya kazi ikiwa kwenye waya, na wa kulaumiwa kwa hilo ni mimi.

Nyumba yangu ina sheria mbili. Ya kwanza ni kuchomoa. Umeme wetu huondoka bila kuaga na hurudi kwa nguvu zote, na ukikuta friji bado imechomekwa, umekaanga friji. Kwa hiyo kila kitu kinachomolewa, na kompyuta huchajiwa ikiwa imezimwa, mimi nikiwa nimekaa karibu kama mlinzi. Modemu peke yake ina betri yake ya sola. Sheria ya pili ni kwamba karibu na kompyuta hakiletwi kitu kinachomwagika, iwe chai, iwe unga, iwe sukari.

Tena kuna jambo nililokuwa nimelisahau. Siku tuliyobaki na kompyuta hiyo niliipekua yote, na kila mahali iliponiuliza kama nataka kuokoa umeme, nilikubali. Nilikubali kwa furaha kabisa.

Nikafungua orodha ya vifaa vyake, nikaitafuta kadi ya mtandao, nikafungua ukurasa wake. Kulikuwa na sentensi moja ya Kifaransa: iruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kuokoa umeme. Pembeni yake alama ya kukubali, yangu mimi. Kadi haikuwa imekufa wala haikuwa mgonjwa. Ikikaa kwenye betri, ilikuwa inalazwa usingizi kwa amri ya mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaiondoa alama, nikawasha upya, nikashika chaki. Nusu saa, haikukatika. Saa moja. Saa tatu. Nikamwita mke wangu nikamweleza yote, pamoja na sehemu ya aibu. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

“Hata mashine inakuogopa,” akasema.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu. Nilitembea uani huku na huku bila kazi yoyote.

Siku ya posho shemeji alikuja amevaa suti, akakaa tena kwenye kiti changu, nikamwachia. Binti yetu alitokea kwenye kioo na koti jeusi, akaanza kusema. Katikati ya maneno yake umeme ukaondoka mtaa mzima. Redio ya jirani ilikatika. Kioo chetu hakikutikisika, na alama ya mtandao ilibaki pale pale. Nikamtazama shemeji. Alikuwa anatazama dari. Raha niliyoipata hapo siifichi.

Mke wangu alikuwa ameisogelea kompyuta mpaka pua inakaribia kuigusa. Tasnifu hakuielewa, wala mimi.

“Alikonda,” akasema taratibu. Baada ya muda: “Anasuka nywele sawa vile mama yangu.” Kisha machozi yakamtoka, na hakuyafuta ili asipitwe na kitu.

Walimu wakatangaza kwamba amefaulu. Kwetu anayefaulu humwagiwa poda kichwani. Wazee wetu walipaka pemba, udongo mweupe wa heri, sisi tunanunua poda ya watoto. Mke wangu alikuwa ameficha kopo ndani ya kitenge tangu asubuhi. Akasimama nalo. Kule ng'ambo binti yetu akaliona, na mbele ya wageni wale wote akainamisha kichwa kuelekea kwetu, akangoja.

Poda ikamwagika kwenye kioo, ikashuka kwenye vitufe, ikaingia kila tundu. Nikafungua mdomo kutaja sheria ya pili. Nikaufunga, nikamwomba mke wangu lile kopo, nikamalizia iliyobaki.