Tukutuku ya Bwana Shamba

Kazi yangu ni kutibu mifugo, na kwa miaka mingi nimepanda na kushuka njia za Old Moshi kwa pikipiki za kawaida, zile zile wanazoendesha vijana wa bodaboda. Pikipiki kwangu ilikuwa chombo cha kazi kama bomba la sindano. Ndiyo maana hata leo siwezi kueleza vizuri kilichonipata asubuhi ile. Nilikuwa nanawa mikono kwenye ndoo baada ya kumhudumia ng'ombe aliyeshindwa kutoa kondo la nyuma. Nikainua macho, nikaona usukani umechomoza chini ya rundo la magunia.

Niliyafunua magunia bila kuomba ruhusa. Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja, kongwe kuliko mimi. Tangi lake la kijani lilikuwa limechubuka pande zote mbili, pale ambapo magoti ya mtu yalilibana miaka nenda miaka rudi. Nilisimama nikiitazama mpaka sabuni ikanikaukia mikononi.

"Hiyo tukutuku ni ya mzee," alisema mwenye ng'ombe, mwanamume wa makamo tunayelingana kwa umri. "Ukiipenda, daktari, ichukue. Inatutesa."

Nilidhani anatania.

Mzee mwenyewe, baba yake, alikuwa amekaa kwenye benchi barazani. Alivaa koti, viatu vimepigwa rangi, kofia ameishika magotini kama mtu anayesubiri kuitwa ndani.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Umetoka ofisini?"

Kabla sijajibu, mkewe alitoka jikoni na beseni la ndizi za kumenya. "Ndiyo, ametoka ofisini," akanijibia. "Wamesema leo hakuna kazi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akatulia.

Mama yule alinieleza tukiwa wawili tu, huku akimenya. Mumewe alikuwa bwana shamba. Alizunguka vihamba, mashamba ya koo za ukanda mzima, kwa tukutuku ile akikagua kahawa za watu, na mlio wake ulifika kabla yake. Sasa akili ilikuwa imerudi kwenye miaka ile, ikabaki huko. Kila kukicha alivaa ili aende kazini. Majuzi aliitoa tukutuku bandani, haina mafuta wala breki, akaikalia na kuiachia kwenye mteremko. Migomba ndiyo iliyomdaka.

"Nimemwambia mwanangu aiuze," alisema. "Lakini moyo wangu hautulii, daktari. Sijui tunaondoa balaa au tunaliita."

Tulikubaliana bei siku ile ile, tukaandikishana mbele ya jirani. Jumapili iliyofuata nilirudi kuichukua, saa za ibada, mzee akiwa kanisani na mkewe. Tuliipakia kwenye pikapu, mimi na yule mwanamume, tukaifunika blanketi. Nilikuwa nanunua kwa haki, na muuzaji alikuwa amesimama mbele yangu, lakini tulinong'ona muda wote kama wezi wa kahawa. Mbwa wao, aliyekuwa amenizoea kabisa, alinibwekea mpaka tukatoka getini.

Kwenye kona tuliwakuta wale wazee wawili wanarudi. Ibada ilikuwa imekwisha mapema. Mzee alivua kofia kutupisha, kisha macho yake yakakaa kwenye blanketi.

"Mnapeleka nini?"

"Mzigo wa hospitali, baba," mkewe alisema, akanisogelea dirishani na kushusha sauti. "Ukiitengeneza ikawaka, usije nayo huku. Akili yake imechoka, lakini masikio bado ni ya kijana."

Niliahidi. Tulipoondoka nilimwona mzee kwenye kioo, bado amesimama katikati ya njia, kofia mkononi, akitutazama.

Fundi wangu wa Pasua alikaa nayo majuma mengi. Vipuri vingine alivitafuta mpaka Arusha, vingine alivichonga mwenyewe. Siku ilipowaka, watu wa vibanda vya jirani walitoka nje. Haikulia kama pikipiki za leo zinazopiga kelele nyembamba. Ililia kwa pumziko, pigo moja moja, nzito, kama mtu anayetwanga kisamvu kwenye kinu kikubwa.

"Injini nzima," alisema fundi akifuta mikono. "Ila breki nakwambia ukweli, daktari. Hii husimamishi. Unaiomba isimame."

Nikaipeleka nyumbani Njoro huku meno yakinikauka kwa kucheka peke yangu. Nilikuwa na furaha ya kitoto ambayo sikuijua hata utotoni. Furaha ile haikudumu.

Jumamosi moja nilikwenda nayo sokoni Kiboriloni kununua pumba. Kiboriloni ni chini kabisa, mwanzo wa njia ya kupandia Old Moshi, na sikuona kama nimevunja ahadi yangu. Niliiegesha kando ya wauza mitumba. Niliporudi na kiroba begani, mzee alikuwa amesimama kando yake.

Suruali yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tangi. Hakushangaa kuniona.

"Umechelewa kunirudishia," alisema.

Kutoka kwao hadi pale ni mwendo mrefu wa mteremko, na mlio wa tukutuku usingeweza kufika kule. Baadaye niliambiwa kwamba alitoroka tangu alfajiri na kutangatanga, na kwamba pengine aliletwa sokoni na miguu tu, kwa mazoea. Labda. Mimi nilichoona ni kwamba kati ya vyombo vyote vilivyojaa pale alikuwa amekipata hicho.

Nilimpigia simu mwanawe. Akasema hana usafiri wa haraka, nimpakie mzee kwenye bodaboda. Mzee akakataa katakata. Alikaa nyuma ya tukutuku, akavaa kofia yake vizuri, akasubiri.

Ndivyo nilivyopanda naye. Njia nzima alinielekeza akiwa amenishika mabega. "Punguza hapa. Hawa kahawa zao zina kutu, niliwaambia wapulizie dawa." Nilitazama alikonionyesha, nikaona nyumba ya bati jekundu na ukuta wa tofali. Hapakuwa na mbuni hata mmoja. "Huyu ni mkaidi," alisema mbele zaidi, akaonyesha kaburi lililojengewa vigae kando ya migomba. "Usisimame kwake."

Tulipovuka daraja la karibu na kwao, mama alikuwa ameshatoka getini. Alikuwa ameusikia mlio. Alijifunika mdomo kwa khanga, wala hakunilaumu, na kutolaumiwa kule kuliniumiza zaidi.

Baada ya siku ile mambo yaliharibika. Mwanawe alinieleza kwa simu, kwa ukali ambao sikuuzoea kwake. Mzee hakuwa tena mtu wa kukaa barazani akasubiri. Alikaa akisikiliza. Bodaboda yoyote ikipita barabarani aliinuka, akaenda mpaka getini, akarudi. Chakula hakikushuka. Ilibidi wamwekee komeo kwa nje ya mlango wa chumba.

"Alikuwa ameanza kusahau," alisema. "Wewe ukamkumbusha."

Niliifunika tukutuku kwa turubai nyuma ya nyumba yangu, nikaiacha. Old Moshi nikawa naenda na pikipiki ya kazi, na hata hiyo niliizima nikifika darajani, nikaisukuma kwa mguu mpaka nipite geti lao. Siku moja nikisukuma hivyo niliona uso wake dirishani, nyuma ya nondo. Haukuwa unanitazama mimi. Ulikuwa umetega sikio.

Masika yakaja na nguvu. Mvua ilinyesha mfululizo, mlima ukapotea kabisa, na kila korongo likawa linanguruma. Asubuhi moja simu ikaita. Alikuwa mama yule.

"Ametoka," alisema. "Komeo lilisahaulika. Vijana wanamtafuta tangu kulipopambazuka."

"Nakuja, mama. Niko njiani."

"Njoo na tukutuku."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, sauti kavu. "Tukimwita anajificha, anadhani tunataka kumfungia. Nimesikia mtu akikohoa kwenye migomba, nikaita, akakimbia. Njoo nayo, mwanangu. Hiyo ataifuata."

Nilipanda nayo kwenye ukungu mzito, matope yakinirukia kifuani, nikiiomba isimame kila kona. Darajani maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba vigogo vya migomba kama vijiti. Watu walikuwa wamekusanyika nje ya geti, wamevaa mifuko ya plastiki kichwani. Mwanawe alinitazama, akatazama tukutuku, akageuza uso. Kisha akasema, "Haya. Wote mnyamaze."

Tukaanza. Niliendesha polepole kwenye njia inayofuata ukingo wa korongo, yeye akitembea pembeni yangu. Kila baada ya mwendo mfupi nilizima, tukasikiliza. Maji yalinguruma chini. Matone yalidondoka kwenye majani ya migomba. Watu waliokuja nyuma yetu hawakukohoa hata. Nikaiwasha tena, ule mlio mzito ukaenda mbele yetu kwenye ukungu na kurudi kutoka ng'ambo.

Mlio ulipokuwa ukirudi hivyo ndipo wazo lilinijia, na lilinijia kama maji baridi mgongoni. Sisi tulikuwa upande huu wa mto. Kama mzee yuko ng'ambo, nilikuwa namwita majini.

Nikazima. Nikamgeukia mwanawe nimwambie, lakini alikuwa ameshanishika mkono. Alikuwa akionyesha ng'ambo.

Mzee alikuwa amesimama kati ya mibuni ya upande wa pili, koti limemgandia mwilini. Alikuwa ametuona. Alinyoosha mkono kama mtu anayesimamisha gari, kisha akaanza kushuka, akishika shina hili na lile, moja kwa moja kuelekea mtoni.

"Baba! Simama hapo hapo! Baba!"

Akazidi kushuka. Mwanawe alikimbilia ukingoni, udongo ukamomonyoka, wenzake wakamvuta. Mimi nilibaki nimekaa juu ya tukutuku iliyozimwa, na kuizima hakukuwa kumesaidia kitu, maana sasa alikuwa anaiona. Kati yake na maji palibaki mteremko wa majani tu.

Juu zaidi kulikuwa na kidaraja cha zege wanachopita watoto wa shule. Sikufikiri sana. Niliiwasha, nikaigeuza, nikaondoka. Nilimpa mgongo mzee nikapanda na ile njia kwa mlio wote niliokuwa nao. Nyuma yangu nilimsikia mwanawe akipiga kelele, "Unakwenda wapi? Unakwenda wapi wewe?" Nilitaka anikasirikie yule mzee. Nilitaka anifuate kwa upande wake, kandokando ya mto, kama anavyomfuata mtu anayemwibia.

Migomba ilifunga, nisimwone tena. Nilifika kwenye kidaraja, nikavuka, nikasimama upande wake nikiacha injini ikilia. Njia iliyotoka chini ilipotelea kwenye ukungu. Hakuna aliyekuja. Nilipandisha mlio, nikaushusha. Maji yalipita chini ya zege yakilitikisa, yakapita na gogo, yakapita na kitu cheusi ambacho nilikikodolea macho mpaka nikatambua ni gunia. Nilianza kusali kwa maneno ya mtoto mdogo. Sijui nilikaa pale muda gani. Najua niliwaza jinsi nitakavyomwambia mama yule, na nikakosa neno la kwanza.

Kisha kofia ikatokea. Alikuja akipumua kwa shida, mguu mmoja hauna kiatu, na uso wake ulikuwa na hasira ya mtu mwenye akili timamu kabisa.

"Kwa nini unanikimbia?"

"Nisamehe, baba."

"Watu wanangoja," alisema, akapanda nyuma yangu. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama chuma.

Tulivuka taratibu. Mwanawe alitukuta njiani, akaja akamkumbatia baba yake hapo hapo juu ya kiti, na mzee akamuuliza kwa upole yeye ni mtoto wa nani.

Baridi ile haikumtoka. Ilimshuka kifuani, akalazwa hospitali, akarudi, akawa mtu wa kitandani. Nilikwenda kumwona mara nyingi. Hakuniuliza habari za ofisini tena. Alifariki kabla kahawa haijaiva, mchana, mkewe akimlisha uji. Siku ya maziko tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya usharika, mwanawe alinisogelea akaniambia, bila ugomvi, kwamba anaamini baba yake asingetoka asubuhi ile kama nisingempandisha siku ya Kiboriloni. Kisha akasema bila tukutuku ile asingefika kwenye kidaraja akiwa hai pia. "Yote mawili nayaamini," alisema, akaenda kupokea wageni.

Kama ningempakia kwenye bodaboda akiwa anapiga kelele, sijui ingekuwaje. Tukutuku bado ninayo. Naiendesha upande wa chini tu, kwenye tambarare za mpunga. Mama yule bado ananiita ng'ombe wake wakiumwa. Wiki iliyopita alinitengea mtori, akakaa akinitazama nikila, akaniuliza kama ile tukutuku inakula mafuta mengi.

"Si sana, mama," nikamwambia.

"Haya," alisema. "Kula, mtori utapoa."