Ardis na Ambulensi Iliyolala Gereji

Ardis Kvamme ni diwani wa kaunti yetu, huku kaskazini mwa Minnesota, na pia anajitolea kwenye ambulensi. Amezika mume, ameuza ng'ombe, ila ambulensi hajaiacha. Sheria ya jimbo inataka wahudumu wawili wenye vyeti ndipo gari litoke. Sisi tumebakiwa na Ardis na Duane, na Duane mchana yuko kazini mji mwingine. Kwa hiyo mchana gari limelala.

Kila Desemba, kabla Bunge la jimbo halijafunguliwa, madiwani huwaandalia wabunge kifungua kinywa na kuwaeleza maombi ya kaunti: barabara, gereza, mitaro ya mashamba. La Ardis, kwamba kaunti ndogo ziruhusiwe mhudumu mmoja na dereva, huwekwa mkiani. Kwetu kuomba jambo mara mbili ni kukosa adabu. Unalitaja kwa upole, mgeni anasema "tutaliangalia," unamwongezea kahawa, yameisha. Adabu hiyo itatumaliza, nami nasema bila kumung'unya maneno.

Mwaka huu Ardis alipolitaja ombi lake, Seneta Brandvold, mmoja wa wabunge hao, alikuwa ameshavaa koti aondoke.

"Tutaliangalia, Ardis."

"Lini?"

Vernon, mwenyekiti wa madiwani, akaiva uso mpaka masikioni kwa aibu.

"Ardis, jamani! Mgeni hata chapati za maji hazijamshuka."

"Zitashuka tu, Vernon. Sijakuuliza wewe. Seneta, lini?"

"Unajua, Bunge lina mambo mengi..."

"Orrin Haugen unamkumbuka?"

"Sana. Alikuwa muungwana yule."

"Ehe, muungwana. Machi kifua kilimbana, akanipigia: 'Ardis, kama huna shughuli.' Nikamwendea na pikapu yangu. Ambulensi yetu iko gereji kwa kuwa niko peke yangu, ya kaunti jirani bado iko njiani. Nikamshika mkono mpaka akakata roho. Unajua neno lake la mwisho? Aliniomba radhi kwa kunisumbua."

Vernon aliinamia sahani yake. Mimi machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Seneta akavua koti, akavuta kiti.

"Mswada nitaupeleka wiki ya kwanza ya Bunge," akasema taratibu.

"Vizuri. Wiki hiyo utanikuta mlangoni kwako."

"Hakuna haja, Ardis. Nimeshakuahidi."

"Nimesikia. Na wiki ya pili nitakuja tena."