Muzee Anakoroma

Ampli ile ya kukuza muziki ilinitoa akili, nawaambieni. Niliinunua Bujumbura, ya zamani lakini yenye sauti ya kweli, na kwa umri wake nikaiita Muzee. Nikaiweka sebuleni kwangu Uvira, spika mbili kubwa zikiegemea ukuta wa chumba cha wageni.

Jumapili mchana nikaweka sahani ya muziki. Chini ya gitaa, mkoromo. Nikabadilisha sindano, mkoromo. Nikaacha sahani, nikaunganisha simu: mkoromo uleule. Nikaanza kukaza waya mmoja mmoja, jasho linanitoka, mpaka nikampigia kelele mke wangu kule uani.

“Mama Neema, huyu Muzee amenichosha na kukoroma. Kesho namurudisha kule alitoka.”

“Muzee gani?”

“Weye unamujua. Amechoka, hana kazi tena hapa.”

Mkoromo ukakatika. Nikaipigapiga ampli mgongoni. “Kumbe unasikia.”

Ndipo nikaona fishi ya umeme ya ampli, ile ya kuchomeka ukutani, iko chini, miguuni pangu. Nilikuwa nimeichomoa zamani, kabla sijagusa waya.

Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka. Baba mkwe wangu, mgeni wetu wa kutoka Sange, ambaye nilidhani bado yuko kanisani, akatoka na mfuko wake begani.

“Mukwe, usisumbuke,” akasema. “Njia ya Sange miye naijua.”