Fundi Zibua na Mlango wa Bafu

Nyie mnaoandika "chapa tu, ataacha" chini ya kila habari ya mtoto anayejichafua, mnanichosha. Tena mnaandika kwa uhakika, utadhani mlizaliwa mnajua kwenda chooni. Kaeni chini niwasimulie habari za fundi mmoja.

Kazi yake ni kuzibua vyoo na mabomba, na watu wameshalisahau jina lake, wanamwita Zibua. Ana waya mrefu wa kuzungusha, glavu zinazofika kwenye viwiko, na mdomo. Kila jioni wakati wa kula anasimulia choo cha leo kimemeza nini: simu, meno ya bandia, kiatu. Siku moja alichomoa kidoli cha plastiki kwenye bomba la mteja, akakisugua kwa dawa, akampelekea binti yake wa miaka minne. Binti huyo nyumbani wanamwita Bosi, kwa kuwa amri zote zinatoka kwake.

"Choo kilikimeza, baba akakiokoa!" Zibua akajitapa.

Bosi akakigeuza kidoli. "Mguu mmoja uko wapi?"

"Umeliwa na choo," akajibu baba, huku anatafuna.

Wiki hiyohiyo Bosi akapata choo kigumu, kikamchana, akalia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo akaanza kubana. Haja ikimshika anakimbilia nyuma ya pazia la sebuleni, anasimama kwa vidole, miguu ameipishanisha kama mkasi, jasho linamtoka. Siku tatu. Siku sita. Halafu chupi zikaanza kulowa uchafu wa majimaji, mara nne kwa siku.

"Anahara," Zibua akamwambia mkewe. Mke anafanya kazi kiwandani na anatoka alfajiri, kwa hiyo mchana mtoto ni wa baba. Zibua akanunua dawa ya kuzuia kuhara, akampunguzia maji, akamkataza matunda. Uchafu ukazidi kuvuja.

Mwalimu wa chekechea akamwita pembeni. "Baba, wenzake wanaziba pua. Nawapa mpaka Jumatatu, na kwa sasa abaki nyumbani. Ikishindikana, asirudi."

Abaki na nani? Akabaki na Zibua. Simu za wateja zinaita mpaka zinakata. Kutwa wako wawili ndani ya bafu lisilo na dirisha, pana kama kitanda cha mtu mmoja. Mtoto juu ya choo, miguu inaning'inia, mikono imeng'ang'ania shingo ya baba. Baba juu ya ndoo, mgongo kaegemeza mlangoni ili mtu asitoroke.

"Sukuma, Bosi."

"Haipo."

"Ipo."

"Imelala."

"Iamshe!"

Dada yake Zibua akapita kusalimia, akatoa ushauri bila kuombwa. "Mchape. Mimi nilichapwa, si niko hapa?"

"Uko hapa, na mpaka leo ukiona mende unapanda juu ya meza."

"Haya, endelea kubembeleza. Fundi anazibua mji mzima, kwake pamemshinda!"

Maneno hayo yakamchoma. Alasiri ile Zibua akamchapa mtoto. Makofi mawili, ya mapajani. Bosi akajikojolea kwa hofu, lakini kile kilichokuwa kinasubiriwa hakikutoka. Zibua akarudi kukaa kwenye ndoo. Mlango ameufunga mwenyewe, ufunguo uko mfukoni mwake, na bado hakujua atatokaje mle.

Alhamisi kuna mteja aliyemganda mpaka akakubali. Akamwacha Bosi kwa jirani, akaenda. Sinki lilikuwa limejaa maji meusi, yanashuka kidogokidogo.

"Bomba liko wazi, fundi, si unaona maji yanapita?" mama mwenye nyumba akabisha.

Zibua akacheka. "Mama, hayo yanapenya pembeni. Katikati pamekaba. Ukiona kinavujavuja hivi, ujue pameziba kweli."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Waya ukamponyoka.

Saa moja baadaye yuko kwa daktari na Bosi. Daktari akaushika mkono wa Zibua, akauweka juu ya tumbo la mtoto. Gumu kama tofali.

"Hahari huyu. Ameziba. Huo wa majimaji unapita pembeni, wala yeye hausikii ukitoka. Ulimpa nini?"

Zibua akaitaja dawa, huku anaviangalia viatu vyake.

"Acha leo hii." Daktari akaandika unga wa kulainisha choo, wa kuchanganya na maji kila siku, kwa miezi. Maji, matunda, kigoda chini ya miguu, dakika tano baada ya kula, hakuna kufokewa. "Na anaogopa nini? Umemuuliza?"

Hakuwahi kumuuliza.

Alipouliza, Bosi alikwenda kuleta kidoli. "Choo kilianza na mguu wake," akasema.

Zibua akachukua kipande cha bomba la choo, akamwekea gotini. "Ingiza." Goti likagoma. "Sasa Bosi mzima atapita wapi?"

"Na mguu wake?"

"Choo hakikuula. Niliuvunja mimi, kwa waya. Baba alidanganya."

Bosi akakichukua kidoli chake. "Basi fungua mlango wa bafu."

Zibua akachukua bisibisi, akaung'oa kabisa, akauegemeza ukutani.

Jumatatu ikafika, mtoto bado anavuja, mwalimu akashika neno lake. Jumatano baada ya uji, Bosi juu ya choo, miguu kwenye kigoda, ukatoka mzigo ambao Zibua, pamoja na uzoefu wake wote, aliuheshimu.

"Usivute maji!" Bosi akaamuru. Hayakuvutwa mpaka alipokwenda kujificha kwa jirani.

Leo ni mwezi wa pili. Kuna siku njema, kuna siku za nyuma ya pazia. Chekechea bado hawamtaki, wateja wengine wameshapata fundi mwingine, mke anaoga huku amelishikilia shuka lililotundikwa pale penye mlango. Kila baada ya mlo Zibua anarudi kwenye ndoo yake, ila sasa ameigeuza, na mbele yake sebule inaonekana.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyekuwa unataka kuandika "chapa tu". Futa. Nenda kwa huyo mtoto aliyesimama nyuma ya pazia, piga magoti, muulize anaogopa nini, halafu umpeleke kwa daktari. Na ufunguo wa bafu, mpe yeye.