Mwenye Ng'ombe Haulizi

Nyumba ile nimelala mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kuambiwa niandikwe kwenye daftari kabla ya kupewa kiti.

Iko Mbulu mjini, chini kidogo ya boma la Wajerumani, kwenye mtaa wa nyumba za zamani zenye kuta nene. Ilikuwa ya rafiki yangu. Tulizaliwa wote Masieda, tukachunga pamoja, tukaolewa mwaka mmoja. Yeye akaletwa mjini, mimi nikapelekwa Mogitu kule Hanang. Huu ni mwaka wa tatu tangu afariki. Mwanawe aliyekuwa Arusha akarudi na mkewe, wakapaka kuta rangi ya njano, wakagawa sebule ikawa vyumba viwili, wakatundika bango la nyumba ya wageni. Sina ugomvi na hilo. Nyumba ni yao, na watoto wanataka kula.

Mimi nilikwenda Mbulu kutibiwa macho, siku mbili. Mjukuu wangu, nesi, ndiye aliyepiga simu.

"Bibi, nimekushikia chumba. Chai ya asubuhi imo humo humo."

"Umenishikia kwa nani?"

Aliponitajia nyumba, nikamuuliza kama na kwake siku nikija nitashikiwa chumba. Akacheka. Mimi sikucheka.

Lakini nisiseme uongo, sikwenda kwa ajili ya macho tu. Kwenye nyumba ile kulikuwa na ng'ombe wangu.

Huku kwetu mtu mwenye akili halazi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia unabaki umeshika kamba tupu. Kwa hiyo unamwekesha mmoja kwa ndugu, mmoja kwa rafiki. Anayemtunza anakunywa maziwa, samadi anatia shambani kwake, na hakuna anayemdai kitu. Lakini ng'ombe ni wako, na ndama ni wako, na kila ndama anakatwa sikio kwa alama ya nyumba yako. Yetu ni sikio la kushoto: ncha inapasuliwa, halafu kipande kidogo kinaondolewa upande wa chini. Mwaka ule wa ukame, mume wangu akiwa ameshakufa, nilimtoa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni nikamswaga kwa miguu mpaka kwa rafiki yangu. Alinipokea njiani, tukamswaga pamoja kipande cha mwisho, tunaimba kama wasichana. Huyu aliyepo sasa ni mjukuu wa mtamba yule.

Na rafiki yangu alikuwa mtu. Ndama akizaliwa, napata habari. Mwaka mmoja dume dogo lilikufa kwa kuvimba tumbo, akapanda gari mwenyewe kuniletea ngozi na mguu mmoja wa nyama aliyokausha, nione kwa macho yangu kwamba amekufa kweli. Sikumwomba. Hiyo ndiyo sheria yenyewe: mwenye ng'ombe haulizi. Anakuja kusalimia, anapewa kiti, anapewa maziwa, halafu mwenye nyumba anasimama anasema, "Haya, twende zizini." Ukiona mwenye ng'ombe imebidi aulize, ujue urafiki umeshakufa, bado kuzikwa tu.

Nilianzia hospitali. Wakanitia dawa ya macho, dunia yote ikawa ukungu. Nikafika pale alasiri, nashika ukuta. Mke wa mwenye nyumba akaja na daftari. Yeye ni mtu wa Singida, na siku za mazishi alikuwa na mtoto mchanga, hakuja, kwa hiyo hakunijua. Alinipa shikamoo nzuri kabisa. Kwa kuwa sikuona, akawa ananiuliza na kuandika mwenyewe.

"Kabila, Bibi?"

"Mmbulu."

"Kazi?"

"Mkulima."

"Sababu ya safari?"

"Kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Andika kusalimia."

Akaandika. Mumewe akatokea mlangoni, simu sikioni. Nilimjua kwa kikohozi chake, anacho tangu mtoto. Mtu huyu nimembeba mgongoni. Nilimtoa funza miguuni kwa sindano yangu mwenyewe. Akanipa shikamoo ya mtu anayepita, "Shikamoo mama, karibu sana, jisikie uko nyumbani," na kabla sijamaliza marahaba nikasikia pikipiki inawaka. Mkewe akasema amewahi kikao. Nikajiambia, sawa, atarudi. Kikao kina mwisho.

Yule mwanamke akanizungusha nyumbani kama anavyowazungusha wote. Hapa chumba cha kulia, kuta hizi ni za zamani sana. Hapa tumetundika kibuyu cha maziwa cha mama mkwe. Nikainua mkono nikakigusa. Kibuyu kikavu kama mfupa, hakijafukizwa moshi tangu mwenyewe afariki. Nikarudisha mkono. Kibuyu kikiachwa hivyo kinapasuka, na mtu anajisifu nacho! Chumba changu kilikuwa kile alichofia rafiki yangu. Kitanda kipya, blanketi zito, sabuni ndogo imefungwa kwenye karatasi kama pipi.

Dirisha lilitazama nyuma. Nikasikia ng'ombe akilia. Yule damu yake naijua. Mama yake na bibi yake walilia hivyo hivyo, sauti ya chini halafu inapanda. Ningeweza kufungua mlango wa nyuma, ni hatua kumi. Sikufungua. Nikavuta pazia nikakaa kitandani na koti langu, nikamsubiri mwenye nyumba aje aseme, "Haya, twende zizini."

Aliyekuja ni mwingine kabisa. Palikuwa na mwalimu, mtu wa Tanga, amehamishiwa Mbulu, mwezi wa pili yuko pale anasubiri nyumba. Kijana mwenye adabu, amevaa makoti mawili. Alinikuta nimechoka kungoja nimetoka barazani, jua likishuka.

"Shikamoo Bibi. Baridi yenu hii, nani aliyeacha mlango wa friji wazi?"

"Marahaba. Kunywa uji, acha maneno."

Akacheka. Akasema, "Bibi, umeshapelekwa kumwona Malkia?"

"Malkia gani?"

"Ng'ombe wa hapa! Kila mgeni anapelekwa. Wazungu wawili walikuwepo juzi, mmoja amemkamua, akapiga kelele kama ameshinda bahati nasibu. Mimi leo nimepiga naye picha."

Kwa hiyo wanapeleka. Mwalimu wa Tanga amepelekwa, Wazungu wamepelekwa, wameshika hadi chuchu. Mimi nimewekwa barazani na sabuni yangu ya karatasi.

"Ilete hiyo picha," nikamwambia. "Mimi sioni. Uniambie wewe. Sikio la kushoto la huyo ng'ombe likoje?"

Akaisogeza simu puani. "Sikio… limepasuka hapa juu, Bibi. Na chini kuna pengo. Maskini, aliumwa na fisi?"

"Hakuumwa na fisi. Yuko peke yake?"

"Ana binti yake pembeni, mkubwa mkubwa, mwekundu hivyo hivyo. Ameshaacha kunyonya, wananiambia."

"Na huyo, sikio lake?"

"Zima kabisa. Zuri. Hata mkwaruzo hana."

Mtamba wa mwaka mzima na zaidi, na hajakatwa sikio. Nani aniambie eti wamesahau? Mtu anayekumbuka kutundika kibuyu ukutani atasahau sikio? Nikaisukuma simu yake pembeni. Mwalimu akadhani ameniudhi, akaenda kuniletea uji. Usiku, nimeshaingia chumbani, mwenye nyumba alirudi, nikasikia pikipiki, nikasikia kikohozi kikipita uani, kikapita dirishani kwangu, kikaenda zake. Hakuja.

Asubuhi macho yalikuwa yamefunguka. Chai iliandaliwa kwenye meza ndefu: chapati, mayai, viazi, birika la maziwa. Tulikuwa mimi, mwalimu, na mama mmoja afisa wa halmashauri aliyekuja kwa ukaguzi. Yule mwanamke wa Singida alikuwa na furaha, anamimina, anasema:

"Kunyweni, haya si ya paketi. Ni ya ng'ombe wetu wenyewe. Tumerithi kwa mama mkwe."

Nikaweka kikombe chini. Mumewe alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, tena safari hii hakuwa na simu.

"Baba," nikamwita, "mama yako alikuachia ng'ombe?"

Mkewe akasimama na birika mkononi.

"Mama…" akasema.

"Nimeuliza. Umenifanya niulize, sasa jibu."

Akatazama sakafu. "Najua ni wako, mama. Nilisema ukiuliza nitakuambia."

"Mimi niulize? Nani alikufundisha? Mama yako alipanda gari kuniletea ngozi ya ndama aliyekufa. Wewe ng'ombe aliye hai umenificha. Unamwonyesha mwalimu, unawaonyesha Wazungu, mimi unanipitia dirishani unakohoa. Na huyo mtamba umeacha sikio lake zima. Ulikuwa unasubiri nini? Ulikuwa unasubiri nife, watoto wangu hawajui, iwe imekwisha?"

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi nilitaka aseme hapana. Nilimpa muda wa kutosha kusema hapana, hata chai ilipoa.

Aliyesema ni mkewe. Aliweka birika mezani kwa kishindo, maziwa yakaruka.

"Wewe! Nimewaambia wageni wote! Wote! Umeniacha natangaza uongo mbele ya watu kila asubuhi, na wewe umesimama hapo hapo unasikiliza?"

"Nilitaka kukuambia…"

"Lini? Majani nakata mimi, kukamua nakamua mimi, banda nafagia mimi nina mtoto mgongoni!" Akanigeukia, akapiga goti pale pale sakafuni. "Bibi, nisamehe. Mimi sikuambiwa."

Nilimwamini. Mikono yake niliiona, imechanika kwa majani.

Nikasimama nikasema, "Haya, twende zizini." Nimelisema mimi neno lisilo langu, kwa kuwa mwenyewe alishindwa. Tukatoka wote, hata yule afisa na chapati yake mkononi. Ng'ombe alikuwa mzima, amenona, banda safi. Alama yetu iko sikioni, kama ilivyokuwa kwa mama yake. Mtamba akaja kunusa koti langu.

Nikamwambia yule mwanaume, "Ng'ombe huyu namwondoa. Utamswaga mpaka Masieda kwa kaka yangu. Kwa miguu. Usimpakie gari. Mimi na mama yako tulimswaga bibi yake kwa miguu, na hatukufa."

"Mama, nina wageni…"

"Wageni wana mkeo."

Mwalimu akageuka akajifanya anakohoa.

Halafu nikamshika mkono yule mwanamke, nikauweka shingoni mwa mtamba. Ng'ombe akiondolewa, aliyemtunza hatoki mikono mitupu. Na hilo pia ni sheria, na mimi sheria sizichagui. "Huyu ni wako," nikamwambia. "Usikie vizuri, ni wako, si wa nyumba hii. Aliyekata majani ni wewe. Sikio lake liache lilivyo. Ukitaka kumtia alama yako, utie. Na kile kibuyu kishushe ukutani, ukifukize moshi, ukamulie maziwa ndani yake. Si picha kile."

Akalia kidogo. Nikamwambia aache, mtamba anaogopa.

Sikio la mwenye nyumba lilikuwa linawaka kwa aibu, na mimi sikumhurumia. Nilirudi chumbani kukunja nguo, nikatandika kitanda kwa mikono yangu, nikaiacha ile sabuni haijafunguliwa. Nikaenda hospitali kumaliza shughuli yangu.

Ng'ombe alifika Masieda. Kaka yangu anasema jamaa alifika viatu vya mjini vimefunguka mbele, akapewa kiti, akapewa maziwa, hakumaliza. Yule mwanamke hunipigia simu. Juzi ameniambia mtamba ana mimba, na ndama akizaliwa nitakuwa wa kwanza kusikia, ingawa si lazima tena kuniambia. Nikamjibu kwamba naijua sheria. Lakini nilifurahi.

Mjukuu wangu ananiambia, basi Bibi, umeshamsamehe yule baba. Sijamsamehe. Nimehamisha ng'ombe.