Mume Wangu Aliapa Kompyuta Ikiwaka Tena Nimeachika, Kisha Akaiwasha Mwenyewe

Assalamu aleikum, ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu. Jina langu lifichwe kabisa, maana Garissa ni ndogo. Mtu akipiga chafya huku mtaani Galbet, sokoni wameshamwombea dua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nauza maziwa ya ngamia. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkikuta nimekosea kuandika, mnisomee tu kwa moyo.

Mume wangu wa kwanza alifariki kijana wetu akiwa bado ananyonya. Kwetu Wasomali mjane huolewa na ndugu ya marehemu, tunaita dumaal, ili watoto wasitoke kwa ukoo. Nikaolewa na shemeji yangu, nikamzalia wasichana wawili. Kwa watu ni mcha Mungu. Kwa nyumba ni mdomo na bakora.

Kijana wangu alipozaliwa, kitovu chake kilifungwa kwenye mkia wa ngamia jike. Hiyo ndiyo desturi: huyo ngamia na wote watakaomfuata ni mali ya mtoto. Mwaka jana huyu mume wangu, baba yake mdogo, aliwauza bila kumuuliza, akanunua kompyuta. Alisema atafungua hapo nyumbani mahali pa kuchapa barua za wafanyabiashara wa mifugo. Alinunua ile ya rahisi kuliko zote Nairobi, akamwambia kijana, "Wewe si ulisoma kompyuta huko Eastleigh? Kaa hapo ufanye kazi."

Mwanangu hakulalamika. Alichapa barua asubuhi, na jioni akacheza mchezo wa magari na vijana wenzake. Lakini magari yalikuwa yanatembea kama mbuzi mgonjwa. Siku moja alifungua ile mashine akanionyesha kitu kidogo ndani. "Hooyo, hii inaitwa prosesa, ndiyo ubongo wake. Waliotengeneza wameipimia mwendo mdogo, lakini inaweza zaidi." Akahamisha kijipini cha plastiki, akaiwasha. Wallahi, magari yaliruka! Nilicheka mpaka shash, kitambaa changu cha kichwa, ikaanguka. Nikamuuliza, "Na haitachoka?" Akasema, "Itapata joto tu, Hooyo." Akaiacha bila kifuniko, akaiwekea feni ya mezani.

Sasa nyinyi mnajua joto la Garissa. Adhuhuri moja walikuja wazee, wafanyabiashara wakubwa, wanataka barua ndefu ya mambo ya ng'ombe. Mume wangu aliona feni inapeperusha karatasi, akaizima. Mwanangu, ambaye humwita Adeer, yaani baba mdogo, akamwambia, "Adeer, usizime, itaganda." Akajibiwa, "Nyamaza. Wewe ni nani wa kunifundisha kitu yangu?" Barua ikiwa karibu kuisha, mashine ikaganda kama jiwe. Maneno yote yakapotea. Mzee mmoja akacheka, "Hii yako hata punda wangu anaishinda, yeye akichoka anapiga kelele angalau."

Hayo ndiyo yalimchoma mume wangu. Wazee walipotoka alimpiga mwanangu bakora mbele ya wateja wangu waliokuja nyumbani kuchukua maziwa. "Umeilazimisha mashine yangu! Mwizi wewe, kama baba yako!" Baba yake ni ndugu yake wa tumbo moja, na yuko kaburini. Nikasimama katikati yao. Ndipo akaniangalia mimi, akaapa: "Wallahi, hii mashine ikiwaka tena ndani ya boma langu, wewe umeachika." Anajua kijana haogopi fimbo. Anachoogopa ni mimi kulia.

Mwanangu akaifunika mashine na kitambaa changu cha kudarizi, taratibu kama mtu anayefunika maiti. Akanibusu mkono, akaenda kwa mjomba wake kule Sangailu kuchunga ng'ombe. Hajarudi.

Juzi maziwa yaliisha mapema, nikarudi nyumbani kabla ya alasiri. Nikasikia feni. Nikafikiri, mtoto wangu amekuja! Nikakimbia, bado nimebeba vibuyu. Nani yuko kwenye kiti? Mume wangu. Kitambaa changu kiko chini, kijipini cha mwanangu kiko palepale alipokiweka, na yule mcha Mungu ameinama upande mmoja na gari lake akipita kona, ulimi nje kama mtoto!

Nikamuuliza, "Baba, hii imewaka au haijawaka?"

Akashtuka. "Nilikuwa naangalia tu kama imeharibika."

"Uliapa."

"Niliapa kwa sababu ya yule kijana. Mimi sikuhesabiwa."

"Hukusema kijana. Ulisema ikiwaka."

"Nani ameona? Wewe peke yako. Funga mdomo, leta chai."

Chai sikuleta. Tangu siku hiyo nalala na wasichana wangu na nimeweka kitasa. Yeye anagonga, anasema mimi ni mke wake. Mimi sijui kama ni mume wangu. Nikienda kwa kadhi, ukoo wote utasema nimevunja nyumba kwa sababu ya mchezo wa magari, na wasichana wangu watachukuliwa na ukoo wa baba yao. Nikinyamaza, nitamfungulia mlango mtu ambaye labda ameshaniacha kwa mdomo wake. Jana ameniambia kwa sauti ya chini, "Nikimrudisha kijana wako, utanyamaza?" Hapo ndipo moyo wangu ulipasuka. Kumbe muda huu wote alikuwa anaweza kumrudisha.

Ndugu zangu, mama zangu, na masheikh mkiwemo humu, nielekezeni. Niuze ukweli wangu nipate mtoto wangu, au niende kwa kadhi niulize mimi ni mke wa nani? Na kama kuna mtu anapita Sangailu, akimwona kijana mrefu mwenye kovu la bakora shingoni, amwambie hivi: Hooyo wako anasema mashine haikuharibika. Inakimbia vilevile ulivyoiacha, na aliyekuita mwizi ndiye anaiendesha.