Vyuma Nilivyovitoa kwenye Baiskeli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiona baiskeli nyepesi hunijia kichwani, hata kama nilikuwa nawaza mambo yangu mengine. Juzi imenijia tena. Mjukuu wangu Mugendi alinionyesha kwenye simu picha ya baiskeli anayotaka kuundiwa. Yeye na wenzake wanataka kutoka Kiirua, wauzunguke mlima kwa barabara za vumbi, washuke mpaka Gachoka, na njiani walale nje kwa kupenda kwao. Baiskeli yenyewe haina madigadi, haina keria ya mizigo, haina stendi wala kengele.

"Guka, hii unainua na kidole," akaniambia.

Nikamuuliza, na vilivyotolewa viko wapi? Akacheka, akasema havikutolewa, imetoka kiwandani hivyo hivyo. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kushuku, nyumba hii yote inajua, na wanaonisema kwa hilo hawakuishi miaka niliyoishi mimi. Kaa hapo nikueleze, na wewe Mugendi weka simu chini.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa uhuru waliokuwa msituni. Sisi watu wa Embu, pamoja na ndugu zetu Wameru na Wakikuyu, tulikuwa tumeng'olewa mashambani kwetu na kurundikwa vijijini. Kijiji kilizungushiwa handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, na langoni walikaa homgadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali ili watulinde, na pia watuchunge. Jioni lango lilifungwa. Ukikutwa nje baada ya hapo, ulichukuliwa kuwa mtu wa msituni, na mtu wa msituni alipigwa risasi kwanza, maswali baadaye.

Kazi yangu ilikuwa kushuka Mbeere kununua asali na tumbaku ya kunusa, kisha kuvipandisha huku juu. Nilikuwa na pasi ya kuniruhusu. Asubuhi nashuka, jioni lazima niwe ndani ya handaki. Na njia hiyo, mwanangu, ilikuwa njia tatu zilizounganishwa na shetani. Huku juu ni udongo mwekundu unaonata. Katikati ni murram yenye mawe. Kule chini ni mchanga na miiba ya migunga. Baiskeli yangu ilikuwa ya chuma kitupu. Matope yalijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, nikawa nasimama kuyachokoa na kijiti huku jua linaniacha. Kwenye mchanga nilisukuma. Kupanda na debe la asali kwenye keria, usukani ukitaka kuinuka mbele, pia nilisukuma. Jioni moja nilifika lango likifungwa, na homgadi aliyekuwa juu ya mnara alikuwa ameshanielekezea bunduki. Sikulala vizuri siku nyingi baada ya hapo.

Kwa hiyo nikachukua spana. Nikatoa madigadi zote mbili, kifuniko cha mnyororo, stendi, taa na kengele. Nikatoa keria na zile nondo zake nene. Nikachinja mbuzi, nikashona mfuko wa ngozi wa pembe tatu unaoingia katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, ili mzigo ukae chini kati ya magoti yangu. Niliukaza kwa vipande vya mpira nilivyokata kwenye tyubu kuukuu. Hivyo vifuko ambavyo vijana mnavinunua leo kwa jina la kigeni, mimi nilivishona kwa shazia ya magunia. Hata pampu niliitoa. Jirani yetu Njue, kijana wa rika langu, aliponiona nimeiweka kando alisema, "Kama hutaki hiyo, niachie mimi." Nikamwachia. Vyuma vingine na mabaki ya mpira nikavitia guniani, nikavitundika kwenye ghala la baba mkubwa Ireri. Baba yangu alikuwa ameshakufa, na baba mkubwa ndiye aliyetulea. Aliliona gunia, akasema sawa.

Baiskeli ilikuwa inaruka. Nikawa narudi jua bado liko juu, nakula chakula cha jioni kikiwa moto. Nilijiona mjanja kuliko wote waliowahi kukanyaga pedali.

Lakini watu hawakuiangalia baiskeli kama nilivyoiangalia mimi. Zamani walinisikia nikija tangu mbali, madigadi zikigonga, kengele ikilia. Sasa nilitokea tu. Wanawake kisimani walinyamaza nikipita, na nikajua wanafikiri nimetumwa kusikiliza maneno yao. Upande wa pili nao, homgadi wa langoni akaniambia, "Kijana, siku hizi unatufikia kama paka. Hiyo kutembea bila sauti nani amekufundisha?" Nikamwambia nimepunguza uzito. Akaizunguka baiskeli polepole. "Umepunguza ya kwenda wapi?" akauliza. Ndivyo tulivyoishi. Kila mtu alimpima mwenzake, na mimi pia niliwapima.

Siku ninayoikumbuka nilitoka Gachoka, kule Mbeere, mapema kuliko kawaida. Nilipofika langoni hawakuniuliza pasi. Nikajua kuna jambo. Msako ulikuwa umepita kijijini mchana, na gunia langu limepatikana.

Nyinyi hamjui, kwa hiyo nitawaambia gunia lile lilionekana vipi kwa macho yao. Watu wa msituni walikuwa wakijitengenezea bunduki. Walitaka kipande cha bomba, komeo la mlango, na mpira wa tyubu wa kulivuta komeo hilo kwa nguvu. Sasa fikiria homgadi amefungua gunia lililofichwa ghalani, ndani yake kuna nondo, springi, bolti, na vipande vya tyubu vilivyokatwa vizuri. Kila nilichokitoa ili nifike nyumbani hai kilikuwa kinanipeleka kwenye kitanzi, maana wakati huo watu walinyongwa kwa vitu kama hivyo.

Baba mkubwa alikuwa amekaa chini mbele ya kituo cha homgadi, mikono imefungwa. Walipomuuliza vyuma ni vya nani, alisema ni vyake. Aliogopa wangenipiga risasi langoni nikitokea.

Mimi sikujua amesema hivyo. Nikamwambia mkuu wao, "Hivyo vyuma ni vyangu, vimetoka kwa hii baiskeli. Nipeni spana niwaonyeshe." Wakanipa. Mwanangu, sijawahi kuunda baiskeli kwa uangalifu kama siku ile. Nilirudisha stendi, nikarudisha madigadi, kifuniko, keria, taa, kengele. Kila bolti ilipata tundu lake. Watu walikuwa wamekusanyika, na nikaona nyuso zinaanza kulegea. Hata mkuu alichuchumaa akawa ananipokeza nati.

Kisha akaweka kidole kwenye fremu, kwenye vile vijipini viwili vinavyoshika pampu.

"Na hapa inakaa nini?"

"Pampu."

"Iko wapi?"

"Iko kwa Njue."

Njue akaitwa. Alikuja na blanketi mabegani, akasimama akiangalia vidole vya miguu yake. Aliulizwa, akajibu pole pole, "Mimi sina baiskeli. Pampu nataka ya nini?"

Na ilikuwa kweli. Njue hakuwa na baiskeli, kaka yake hakuwa na baiskeli, nyumba yao nzima haikuwahi kuwa na hata gurudumu. Siku nilipompa ile pampu, furaha ya kupunguza uzito ilikuwa imenijaa, sikujiuliza anaitakia nini. Pampu ni bomba, mwanangu.

Mkuu alisimama akajipangusa mikono. "Gunia moja, wenyewe wawili, na bomba imepotea," akasema. Wakamwinua baba mkubwa, wakampakia kwenye lori. Mimi nilipiga kelele kwamba ni vyangu, wakanisukuma pembeni. Yeye alikuwa amekubali kwanza, na mimi pasi yangu ilikuwa safi. Nashuku pia kwamba mkubwa fulani alipenda asali yangu na hakutaka ikosekane, lakini hilo siwezi kuapa.

Alikaa kizuizini mpaka watoto waliokuwa wakitambaa alipoondoka wakawa wanachunga mbuzi. Aliporudi, bega moja lilikuwa limeshuka na hakuweza kuinua jembe. Nilimpokea na uji. Alikunywa, akaomba aione baiskeli. Tangu siku ile sikuwa nimetoa chochote tena. Akaigusa keria, akaigusa kengele, kisha akaniambia maneno ambayo kwangu yalikuwa makali kuliko kiboko:

"Nyaga, vita vya Mjerumani mimi nilikuwa mbebaji. Afisa wetu alikuwa anatembea mbele mikono mitupu, na jioni anajisifu ati yeye hachoki. Nyuma yake tulikuwa sisi na masanduku yake. Siku ile ulivyokuwa unaruka na baiskeli, nilikufurahia. Lakini siku ingine ukipunguza mzigo, geuka nyuma uangalie ni nani ameubeba."

Hakulitaja tena mpaka tunamzika. Njue naye amezeeka pamoja nami. Jumapili kanisani tunakaa benchi moja, tunapeana mkono wa amani. Hajawahi kunitajia ile pampu, na mimi sijamuuliza. Labda aliizika kwa woga. Labda iliingia msituni na ikafanya kazi ambayo leo tungeiitia ushujaa. Nikimshika mkono huwa najiuliza, na nadhani anajua kwamba najiuliza.

Sasa sikia, Mugendi. Sikukatazi baiskeli nyepesi. Ichukue. Tafuta fremu nyepesi isiyoogopa mawe, na gia ndogo za kutosha, maana kupanda kutoka Mbeere kutakutoa ulimi hata leo. Matairi chukua mapana, mchanga hautaki tairi jembamba, na miiba ya kule haina heshima. Mizigo iweke chini, ndani ya fremu, usiirundike nyuma. Madigadi toa kama njia ni ya matope, hapo tunakubaliana.

Lakini pampu, tyubu na spana visitoke kwenye baiskeli yako. Usiache hema ukisema utalala kwenye baraza ya watu, kwa sababu mwenye baraza hiyo hatalala. Usiache chakula ukisema mama fulani atakupikia. Kengele iweke, tena uipige, watu wakusikie unakuja na wajue unakuja kwa heri. Na mtu akikuomba kitu ulichokitoa, muulize anakitakia nini, hata kama ni jirani. Ukimwona mwenzako msafarani anahema nyuma yako, shuka uuangalie mfuko wake kabla hujamcheka. Pengine ndimo ilimo pampu uliyoiacha wewe.

Enda basi, Mugendi. Ngai akupe njia kavu na magoti yasiyouma, akulinde na mwiba na mwenye hila. Na ukirudi nyumbani umetabasamu, akujalie usimkute mtu yeyote bega lake limeshuka kwa ajili ya safari yako.